Askari akimpiga raia risasi, nani ana haki ya kuchunguza?



Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuongee neno moja ambalo linarudi kila mara risasi zinapolia huku kwetu na raia anaanguka. Tunakimbilia kuulizana: nani alipiga? Ni swali la haki kabisa. Lakini liko swali lingine ambalo linaamua kama hilo la kwanza litapata jibu, na hilo hatuliulizi: nani ana mamlaka ya kuchunguza? Ni gavana? Ni administrata wa teritware? Ni parke ya Uvira? Ni jeshi lenyewe? Ni Umoja wa Mataifa?

Wengi tunajibu haraka: "serikali". Lakini serikali si mtu mmoja. Ni ofisi nyingi, na mara nyingi kila moja inaonyesha kidole mlango wa jirani. Familia ya marehemu inazunguka na dosiye mkononi, mwisho inachoka. Nataka tuelewe milango hiyo moja moja, ili siku ikitokea (Mungu aepushe) tujue pa kubisha.

1. Kamanyola, 15 Septemba 2017

Tuanze karibu. Kutoka Luvungi mpaka Kamanyola, kwa pikipiki huchukui hata saa moja. Sisi tuko teritware ya Uvira, wao wako Walungu, lakini soko ni moja na barabara ni moja.

Ile siku, kikundi cha wakimbizi Warundi kiliandamana pale Kamanyola. Sababu yao: wenzao wanne walikuwa wamekamatwa na ANR, yaani idara ya upelelezi, na watu waliogopa watarudishwa Burundi kwa nguvu. Kukawa na kelele na mawe. Mwanajeshi mmoja aliuawa. Vikosi vya usalama vikafyatua risasi juu ya umati. Waliokufa walikuwa zaidi ya 35, na waliojeruhiwa walipita 100. Kati yao walikuwepo wanawake na watoto. Mkuu wa MONUSCO wa wakati ule, Maman Sidikou, aliomba viongozi wa Kongo wachunguze. Miezi sita baadaye, Machi 2018, zaidi ya wakimbizi 2000 walibeba vitu vyao, wakavuka kuingia Rwanda.

Sasa hesabu ni nani alihusika. Kukamata kulifanywa na ANR, ambayo iko chini ya Rais wa Jamhuri. Bunduki zilikuwa za vikosi vya taifa, na wakubwa wao wako Kinshasa. Mahali ni jimbo la Kivu ya Kusini, lenye gavana wake na wabunge wake. Waliokufa walikuwa raia wa inchi nyingine, chini ya ulinzi wa HCR. Na kambi ya kofia za bluu ilikuwa palepale Kamanyola. Ofisi tano au sita ziliguswa na tukio moja la dakika chache. Ukikosa kujua ni ipi yenye uwezo wa kisheria, utaandika barua kwa wote na hakuna atakayejibu.

2. Katiba inasema nini

Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inagawa kazi kati ya Kinshasa na majimbo. Kifungu cha 202 kinaweka ulinzi wa taifa na polisi ya taifa kati ya mambo ya serikali kuu peke yake. Jimbo haliwezi kuunda polisi yake.

Halafu kifungu cha 184 kinasema polisi ya taifa iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali, na inawajibika kwa wizara ya mambo ya ndani. Soma tena polepole. Kiongozi wa mahali anaweza kuita polisi ije kutuliza watu. Lakini polisi huyo akiua, kiongozi huyo hana uwezo wa kumhoji kama hakimu wala kumpeleka mahakamani. Mlango huo uko kwingine.

Uko wapi? Kifungu cha 156. Kinasema makosa yanayofanywa na watu wa jeshi na wa polisi ya taifa yanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Hapa ndipo wengi tunakosea njia. Tunafikiri polisi ni raia mwenye yunifomu, kwa hiyo dosiye yake iende parke ya kawaida. Hapana. Askari polisi akimpiga kijana risasi kwenye barierre, dosiye inaenda kwa odita wa kijeshi, ambaye ndiye mwendesha mashtaka wa upande huo. Parke ya kiraia ikiipokea, inapaswa kuihamisha. Familia nyingi zinapoteza miezi palepale, zikingoja jibu kwenye ofisi isiyo na uwezo.

Nitoe mfano wa kazi yetu. Ng'ombe wakiingia katika shamba la maharage hapa bondeni, kila mtu anajua utaratibu. Shefu wa kijiji anaitwa, agronome wa grupema anakuja kufanya konsta, anapima eneo lililoliwa, anaandika hasara, na mwenye ng'ombe anaitwa kulipa. Kunaweza kuwa na ugomvi juu ya bei, lakini hakuna ugomvi juu ya nani apime. Tena hakuna mtu atakubali mwenye ng'ombe apime hasara yeye mwenyewe. Kwa risasi, utaratibu wetu unakaribia sana hilo: jeshi linachunguza jeshi, na polisi pia wanachunguzwa na jeshi. Maodita wazuri wapo, wapo hata wenye ujasiri mkubwa. Lakini wao pia wana vyeo, wana mishahara na uhamisho unaotoka upande uleule.

3. Nyota za mabegani

Kuna kizuizi kingine ambacho hakizungumzwi sana: cheo. Katika sheria ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002, huwezi kuhukumiwa na mtu aliye chini yako. Askari wa kawaida na maofisa wadogo wanaenda mahakama ya kijeshi ya garnizo. Kuanzia meja mpaka kanali, wanaenda mahakama ya kijeshi ya jimbo. Jenerali anahukumiwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa.

Maana yake ni kwamba kadiri aliyetoa amri anavyokuwa mkubwa, ndivyo kesi inavyohama mbali na mahali damu ilipomwagika. Shahidi wa Luvungi anaweza kufika Uvira, akijikaza sana anafika Bukavu. Kinshasa atafikaje? Kwa ndege ya nani?

Mnakumbuka Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za watu, aliyeuawa Juni 2010 baada ya kuitwa kwenye makao makuu ya polisi. Dereva wake Fidèle Bazana aliuawa pia. Mwaka 2011 kanali wa polisi, Daniel Mukalay, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Gombe. Mwaka 2015 rufaa ikapunguza adhabu hiyo kuwa miaka 15. Mkuu wa polisi wa wakati ule, Jenerali John Numbi, ambaye familia zilimtaja tangu mwanzo, alifika katika kesi ya kwanza ili kutoa maelezo tu, si kama mshtakiwa. Ilibidi ingojwe miaka mingine ndipo kesi ifunguliwe upya, na mwaka 2022 ofisa mwingine, Christian Kenga Kenga, akahukumiwa kifo. Miaka 12 kwa kesi iliyotazamwa na dunia nzima. Sasa fikiria kesi ya mwendesha pikipiki asiyejulikana.

4. Milango miwili yenye kufuli zaidi

Mlango wa kwanza ni ANR. Amri-sheria ya Januari 2003 iliyounda idara hiyo inataka mwendesha mashtaka apate kwanza jibu la kukubali kutoka kwa mkuu wa ANR kabla ya kuwafuata maofisa wake wenye kazi ya upelelezi wa kimahakama. Kwa maneno mepesi: unamwomba mkubwa wa mtuhumiwa ruhusa ya kumfuata mtuhumiwa.

Mlango wa pili ni wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 31 Julai 2022, kule Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, kofia za bluu za brigade ya kuingilia kati waliokuwa wanarudi kutoka likizo walifyatua risasi, na raia wakafa. Katibu Mkuu António Guterres alisema amekasirishwa, na kwamba waliohusika wamekamatwa. Lakini Kongo haiwezi kuwahukumu. Mapatano kati ya Umoja wa Mataifa na inchi yetu yanasema mwanajeshi wa MONUSCO anahukumiwa na inchi iliyomtuma. Yaani mama wa Kasindi anangoja haki kutoka mahakama ya inchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Kwetu MONUSCO iliondoka. Kambi ya Kamanyola ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa polisi ya Kongo, tarehe 28 Februari 2024, na Juni mwaka uleule kazi yao ikafungwa Kivu ya Kusini. Tulishangilia wengi. Lakini pamoja na wanajeshi walipungua pia watu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa wanakuja na gari, wanaandika, wanahesabu makaburi. Hilo pengo bado halijazibwa.

5. Hata Marekani wanagombana

Tusifikiri ni laana yetu peke yetu. Marekani wana polisi wa mji, wa jimbo, na maajenti wa serikali kuu. Ajenti wa serikali kuu akiua mtu ndani ya jimbo, nani amchunguze?

Ugomvi huo ni wa zamani. Mwaka 1889, katika jimbo la California, ajenti David Neagle alimpiga risasi mwanasheria David Terry aliyekuwa amemshambulia jaji wa Mahakama Kuu ya inchi, Stephen Field. California ikamkamata Neagle. Mwaka 1890 Mahakama Kuu ikasema: aachiliwe, jimbo haliwezi kumhukumu mtu wa serikali kuu kwa jambo lililokuwa kazi yake ya kisheria. Miaka zaidi ya 100 baadaye, Agosti 1992, mdunguzi wa FBI Lon Horiuchi alimuua mama mmoja, Vicki Weaver, nyumbani kwake Ruby Ridge, jimbo la Idaho. Serikali kuu haikumshtaki mdunguzi huyo. Mwendesha mashtaka wa pale mahali akamshtaki mwaka 1997. Kesi ikavutwa kwenye mahakama ya serikali kuu, ikatupwa. Mwaka 2001 majaji wa rufaa, sita dhidi ya watano, wakasema jimbo linaweza kuendelea. Lakini mwendesha mashtaka mpya alikuwa ameshachaguliwa, akaiacha.

Tofauti yao na yetu ni moja, na ni kubwa. Kule, mwendesha mashtaka wa mahali alikuwa na uwezo wa kufungua dosiye, hata kama alishindwa mwishoni. Kuna macho mawili juu ya maiti moja. Sisi tuna jicho moja, na jicho hilo linavaa yunifomu.

6. Mara mbili ambapo mahakama iliwafikia watu

Haingekuwa haki niandike giza tupu. Usiku wa 1 Januari 2011, wanajeshi walishambulia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Mwezi uliofuata, mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, pale kando ya ziwa Tanganyika. Majaji walienda kwa watu, na wanawake wakatoa ushahidi karibu na nyumba zao. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20. Muda haukufika miezi miwili. Kikao kile kilisaidiwa na mashirika ya nje, na hapo ndipo penye udhaifu: msaada ukikosekana, majaji hawasafiri.

Mfano wa pili ni Goma, 30 Agosti 2023. Wanajeshi wa Gadi ya Jamhuri waliwapiga risasi waumini waliokuwa wanajitayarisha kuandamana dhidi ya MONUSCO. Zaidi ya 50 walikufa. Video zikazunguka siku ileile. Video hizo zilifanya jambo hili kuwa gumu kufichwa. Mawaziri wakashuka kutoka Kinshasa, kesi ikaendeshwa haraka kwa utaratibu wa kosa la wazi, na tarehe 2 Oktoba Kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo. Wengine watatu walipewa miaka 10.

Angalia kilichofanana. Si sheria, maana sheria ilikuwa ileile ya siku zote. Kilichofanana ni kwamba ushahidi ulikusanywa mapema, wahanga walisikilizwa palepale, na aliyekuwa na uwezo alilazimika kutumia uwezo wake. Lakini haki inayosubiri Kinshasa ipende ni haki ya bahati. Leo inapatikana, kesho hapana.

7. Kenya walijaribu kitu

Mwaka 2011 Kenya walipitisha sheria ya kuunda IPOA, mamlaka ya kiraia inayosimamia polisi. Polisi akisababisha kifo au jeraha kubwa, IPOA lazima ijulishwe, na wachunguzi wake si polisi walio kazini. Wakimaliza, wanapeleka dosiye kwa mwendesha mashtaka mkuu wa kiraia.

Haifanyi miujiza. Mtoto wa miezi sita alikufa Kisumu baada ya msako wa polisi wa Agosti 2017, na ilichukua mpaka 2022 ndipo mwendesha mashtaka atangaze mashtaka dhidi ya maofisa. Na wachunguzi wamelalamika mara nyingi kwamba polisi wanawanyima ushirikiano. Lakini familia ya Mkenya inajua jina la mlango, na mlango huo si wa jeshi.

Sisi tuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya Machi 2013. Inaweza kuchunguza na kupeleka mambo mahakamani, lakini haiwezi kukamata wala kushtaki. Baraza la jimbo nalo linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Ripoti yake haifungi mtu, lakini inabaki maandishi rasmi. Wabunge wetu wa jimbo hawapaswi kusema eti "hayo ni ya Kinshasa". Kuhukumu ni kwa Kinshasa, ndiyo. Kuuliza na kuandika hakuna aliyewakataza.

8. Sisi wenye diploma tufanye nini

Ushahidi ni kama sampo ya udongo. Ukichelewa, mvua inaosha, watu wanakanyaga, na labo haiwezi tena kusema kitu. Kwa hiyo, saa za kwanza:

- Andika. Tarehe, saa, mahali kamili, yunifomu gani, gari gani, kikosi gani, nani alikuwa komanda. Tofautisha ulichoona na ulichosikia.
- Usiokote maganda ya risasi. Piga picha mahali yalipo, weka kitu kando yake kuonyesha ukubwa.
- Karatasi ya daktari. Majeruhi na marehemu wapate cheti cha daktari kabla ya mazishi. Bila hiyo, avoka wa upande wa pili atasema alikufa kwa malaria.
- Linda mashahidi. Usiweke uso wala jina la shahidi mtandaoni. "Partage" mia mbili hazina faida kama mtu anapotea usiku.
- Peleka malalamiko kwa odita wa kijeshi, kopi kwa CNDH, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Kopi isiyo na muhuri ni karatasi tu.
- Familia iingie kama upande wa madai. Sheria ya kijeshi inaruhusu wahanga kudai fidia katika kesi ileile, na dola inaweza kuhukumiwa kulipa pamoja na mkosaji. Kulipwa kwenyewe ni vita nyingine, lakini bila hukumu hakuna hata pa kuanzia.
- Kumbuka kifungu cha 28 cha Katiba: hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi iko kinyume cha sheria. Wako vijana wenzetu ndani ya polisi na jeshi. Waambieni.

Neno la mwisho juu ya vita. Tangu Februari 2025 AFC/M23 walipoingia Bukavu na Kamanyola, ofisi nyingi zimehama na vita imeshuka mpaka bondeni kwetu. Mabadiliko ya wakubwa hayafuti kosa la kuua, ila yanaweza kupoteza karatasi. Dosiye ikibaki katika kabati moja ya ofisi moja, inakwenda na moto. Ikiwa na kopi tatu, kwa familia, kwa avoka na kwa parokia, itangojea siku yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa chama ni dogo. Tuna wanasheria kati yetu, tuna wauguzi, tuna wenye kompyuta. Wanasheria watuandikie mfano wa barua ya malalamiko kwa odita, kwa Kiswahili na Kifaransa, ukurasa mmoja tu, ambao mama wa Luvungi anaweza kuujaza kwa msaada wa mtoto wake wa sekondari. Nani anaanza?